Dawa zilizobaki nyumbani: tunayoamini na yanayotokea majini

Karibu kila nyumba ina droo au mfuko uliojaa dawa: amoksilini iliyoachwa katikati ya dozi, sirapu ya kikohozi ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la pili, vidonge vya presha alivyoacha babu alipofariki. Siku ya usafi ikifika, lazima viende mahali, na hapo kila mtu hufuata alichoona kwao. Sehemu kubwa ya tulichoona kwetu inaishia kwenye maji. Hizi hapa ni dhana ninazozisikia mara kwa mara kutoka kwa watu makini wasio na nia mbaya.

"Tupa chooni. Ikishaingia shimoni, imekwisha."

Hii imeenea kuliko zote, na chimbuko lake ni jema: mzazi hataki mtoto aokote vidonge. Tatizo ni kwamba shimo la choo limechimbwa ili maji yanywee ardhini, na chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo hunywea pamoja nayo. Wakazi wengi wa miji yetu hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Bakteria wengi hunaswa na udongo au hufa njiani. Dawa si kiumbe hai kwamba itakufa, na baadhi yake, kama kabamazepini wanayotumia wagonjwa wa kifafa, hazishikwi sana na udongo wala hazivunjwi kirahisi na vijidudu.

Pwani hali ni nzito zaidi. Unguja mjini na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango, na maji yakiingia humo hupita upesi bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo mzito. Zanzibar inategemea sana maji ya ardhini. Mombasa nako, bomba likikauka, watu hurudi kwenye visima vya mtaani, na vingine viko hatua chache tu kutoka choo cha jirani.

Dar es Salaam kuna jambo ambalo kila anayekaa bondeni analijua: kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikishika, wapo wanaofungulia mashimo yao ili uchafu uondoke na maji ya mvua. Wale wanaofuata utaratibu huita gari la majitaka, nalo hupeleka mzigo kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Maji yanayotoka mabwawani huelekea Mto Msimbazi, na kwenye bonde la Msimbazi ndiko unakolimwa mchicha mwingi unaouzwa mjini.

Kampala mzunguko huu unaonekana kwa macho. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya jiji hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na mtambo wa Ggaba huvuta maji ya kunywa kutoka ghuba hiyohiyo. Nairobi nako safari ni ndefu lakini haikatiki: Mto Nairobi huingia Mto Athi, Athi huitwa Galana ukishuka, Galana huwa Sabaki. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, pana visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa.

"Vidonge viwili vitatu havifanyi kitu. Mto ni mkubwa."

Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walianza kutia homoni iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, linalojulikana kama Ziwa 260. Walilenga kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Nanogramu 5 kwa lita ni gramu moja tu iliyoyeyushwa katika lita milioni 200. Waliendelea hivyo kwa misimu mitatu ya kiangazi. Samaki madume wa jamii moja ya samaki wadogo wakaanza kutengeneza protini ambayo kwa kawaida hutengenezwa na majike wanaojiandaa kutaga, kisha idadi ya samaki hao ikaporomoka hadi karibu kutoweka ziwani. Homoni ilipoachwa kutiwa, walirejea, lakini ilichukua miaka.

Sasa piga hesabu ya pakiti moja. Vidonge 21 vyenye mikrogramu 30 za homoni hiyo kila kimoja vina jumla ya mikrogramu 630, na mikrogramu moja ni nanogramu 1,000. Kiasi hicho kinatosha kufikisha zaidi ya lita laki moja za maji kwenye kiwango cha Ziwa 260. Pakiti moja, chooni kwa mtu mmoja.

Na si mambo ya Kanada pekee. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti mkubwa uliopima mito 258 katika nchi 104, ikiwemo ya Afrika. Katika takriban robo ya maeneo yaliyopimwa, walau dawa moja ilikuwa juu ya kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa viumbe wa majini au kinachotia wasiwasi kuhusu usugu, yaani bakteria kuzoea dawa. Addis Ababa ilikuwa miongoni mwa miji yenye mito iliyoathirika zaidi. Waliopima Mto Nairobi kwa nyakati tofauti wamekuta lamivudini na nevirapini, ambazo ni dawa za ARV, pamoja na antibayotiki kama sulfamethoksazoli.

Sitaki mtu aache kunywa maji kwa kusoma haya. Viwango hivyo viko mbali mno na dozi ya mgonjwa. Anayeumia kwanza ni samaki, na kinachoandaliwa polepole ni bakteria waliozoea antibayotiki kabla hata hawajaingia mwilini mwa mtu.

"Si zinatoka kwenye mkojo wetu hata hivyo?"

Anayesema hivi ana ukweli mkononi, na anastahili jibu la heshima. Mtu akimeza amoksilini, zaidi ya nusu hutoka kwenye mkojo bila kubadilika. Metformini ya wagonjwa wa kisukari mwili hauivunji kabisa, inatoka ilivyoingia. Sehemu kubwa ya dawa zilizomo mitoni imepita miilini mwa watu.

Lakini hiyo ni dawa iliyomtibu mtu kwanza. Hakuna anayepaswa kuacha dozi yake kwa kuuhurumia mto. Kopo zima la vidonge likimiminwa chooni halijamtibu yeyote, na kila miligramu iliyomo inaingia majini ikiwa kamili. Sehemu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu leo, bila kusubiri serikali ijenge mtambo wowote.

"Tunachemsha maji na kutia klorini."

Endelea kuchemsha. Kipindupindu na homa ya matumbo ni hatari ya karibu zaidi kuliko yote ninayoandika hapa. Ila kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa nyingi hazitoki kwa joto la sufuria, na maji yakipungua kwa mvuke, kinachobaki huzidi kukolea. Klorini nayo hubadilisha baadhi ya dawa na kuziacha nyingine kama zilivyo. Mabwawa ya majitaka yalibuniwa kupunguza uchafu na vimelea. Kabamazepini hupita humo karibu yote. Mitambo inayoweza kuondoa dawa kwa uhakika hutumia ozoni au kaboni maalumu, na gharama yake inazishinda mamlaka nyingi za maji za kwetu.

"Choma moto, au fukia shambani."

Moto wa jalalani hauna joto la kutosha. Tanuri la kuteketeza dawa huhitaji nyuzi joto 850 za Selsiasi na zaidi, likiwa na chumba cha pili cha kuunguza moshi wenyewe. Dawa za saratani huhitaji nyuzi 1,200. Moto wa nyumbani unayeyusha karatasi za plastiki za vidonge na kuwapulizia watoto moshi wenye sumu. Kipulizi cha pumu kikitupwa motoni hulipuka hata kama umekiona kitupu.

Kufukia hakuna jipya: mvua inayeyusha, kuku na mbwa wanafukua.

Wafugaji nao niwaambie neno hapa. Chupa za dawa za kuogeshea mifugo zisisuuzwe mtoni wala bwawani. Nyingi zina kemikali kama saipamethrini, na kiasi kidogo sana cha kemikali hiyo kinaua samaki.

"Kuliko kuitupa, mpe jirani."

Ukarimu huu umetulea, na siwezi kuudharau. Hata hivyo antibayotiki iliyobaki ni dozi isiyokamilika kwa aliyekuwa mgonjwa, na ni dozi isiyokamilika pia kwa jirani, tena kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Kikohozi cha mafua hakitibiwi na amoksilini. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria walioshindikana kwa dawa, na eneo lililoumia zaidi lilikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Jirani akiumwa, mpe nauli ya kwenda zahanati.

"ARV lazima zitupwe kimya kimya, watu wasijue."

Hapa nataka tukae kidogo, maana dhana hii imezaliwa na hofu, na hofu yenyewe ina sababu. Mtu amebadilishiwa dawa kliniki, amebaki na makopo mawili ya zile za zamani. Au amefariki ndugu aliyekuwa kwenye matibabu, na familia haitaki waombolezaji wayaone makopo. Njia ya haraka inakuwa chooni, usiku. Nikisoma taarifa za lamivudini ndani ya Mto Nairobi nawaza pia kuhusu nyumba hizo, ingawa najua nyingi imepita kwenye mkojo.

Zirudishe kwenye kliniki iliyozitoa, kile kituo cha tiba na matunzo. Huko hakuna haja ya kueleza chochote kipya, kwa sababu wanaifahamu dawa na wanamfahamu mgonjwa. Anaweza kuzipeleka ndugu mmoja aliyeaminiwa, zikiwa ndani ya bahasha. Kabla ya kutoka nyumbani, bandua au futa jina na namba kwenye lebo kwa kalamu nzito, ila jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi uviache visomeke ili mhudumu ajue anapokea nini. Na wahudumu, tafadhali, msimuulize mwenye kurudisha dawa kwa nini zimebaki kwa sauti inayosikika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Akiaibika leo, makopo yajayo yanaenda shimoni.

"Hakuna pa kuzipeleka."

Ni kweli kwamba hatuna visanduku vya kurudishia dawa katika kila duka, na jambo hili linaniuma. Marekani wana siku maalumu za kitaifa za kukusanya dawa tangu 2010. Lakini hospitali zetu tayari zina utaratibu wa kuteketeza dawa zao zilizoisha muda. Wenye maduka ya dawa Tanzania hawaruhusiwi kuzitupa kiholela. Uteketezaji husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya upo chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa hiyo njia ya mwisho ipo. Kinachokosekana ni daraja kati yake na droo yako.

Anza kwa kuuliza kwenye famasi ya hospitali ya wilaya au kaunti, kisha kituo cha afya kilicho karibu. Wengine watakubali na wengine watakataa. Ukikataliwa kote na gari la taka hupita mtaani kwenu, fanya hivi: toa vidonge kwenye karatasi zake bila kuvisaga, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika, majivu au udongo wenye unyevu, uvitie ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko na ulizungushie utepe wa gundi. Sirapu imimine humo humo juu ya udongo au maranda hadi yafyonze yote. Kopo litoke siku ileile gari linapokuja, lisilale nje. Madampo yetu yako wazi na yana watu wanaookota humo riziki yao, kwa hiyo kifuniko kigumu si jambo la kupuuza. Njia hii si kamili, maana mvua huosha dampo pia, lakini inamwepusha mtoto na inachelewesha sana safari ya dawa kwenda majini.

Wasiofikiwa na gari la taka wakusanye za kaya kadhaa, wazikabidhi kwa mhudumu wa afya wa jamii au wazipeleke zahanati siku ya kliniki ya watoto, wakati kina mama wanakwenda huko hata hivyo.

Vipo vitu vitatu ambavyo havifai kuingia kwenye kopo hilo kabisa. Sindano za insulini zikae kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya dawa ya kufulia, na chupa ikikaribia kujaa ifungwe na kupelekwa hospitali. Vipulizi vya pumu virudi hospitali bila kutobolewa. Dawa za saratani, pamoja na glavu alizovaa anayemhudumia mgonjwa nyumbani, virudi kwenye idara iliyozitoa, hata ikibidi kusubiri miadi ijayo.