Usimamizi endelevu wa maji kwenye kampuni ya umeme, maana yake nini hasa?

Hili neno utalikuta kwenye ripoti za mwaka za makampuni ya umeme, limepambwa na picha ya mto na majani ya kijani, unasoma ukurasa mzima unamaliza bado hujajua wanafanya nini. Wengi wanadhani ni kuziba mabomba yanayovuja na kubandika karatasi ya "funga koki" chooni. Hiyo imo, sikatai, ila maji ya ofisini ni tone tu ukilinganisha na yanayopita kwenye mtambo kwa saa moja.

Kwa lugha ya kawaida ni hivi: kampuni ijue inachukua maji kiasi gani na kutoka wapi, inarudisha kiasi gani na yakiwa na hali gani, na ifanye hivyo bila kumkausha mwingine anayetegemea chanzo hichohicho, mwaka huu na hata miaka 30 ijayo maana mtambo ukishajengwa hauhami.

Sasa umeme na maji vinakutania wapi? Kiswahili tunasema kufua umeme, kama nguo vile, na kweli kote kote maji yanatakiwa. Mtambo wa makaa ya mawe au wa nyuklia ukiuondolea majina makubwa ni birika: unachemsha maji, mvuke unasukuma tabaini, yaani gurudumu la mapanga, tabaini inazungusha jenereta. Hayo maji ya boila si mengi, yanazunguka humohumo ndani, na yanasafishwa kuliko hata ya kunywa. Kazi iko baada ya hapo, mvuke ukishamaliza kusukuma lazima upozwe urudi kuwa maji. Mitambo ya aina hii kwa kawaida inageuza kama theluthi tu ya joto kuwa umeme, lililobaki lazima litupwe mahali, na pa kulitupia kwa bei rahisi ni kwenye mto, ziwa au bahari.

Na hapa ndo watu wengi wanapochanganya, hata waandishi wa hizo ripoti wakati mwingine (au wanachanganya makusudi, sijui). Kuchukua maji ni kitu kimoja, kuyamaliza ni kitu kingine. Mtambo unaovuta maji ya mto, unayapitisha mara moja na kuyarudisha, unaweza kuvuta lita 75 mpaka zaidi ya 150 kwa kila yuniti moja ya umeme wa makaa, lakini yanayopotea kabisa ni kama lita moja tu. Mwingine una ile minara mikubwa ya kupozea, ile inayotoa wingu jeupe ambalo watu wanapiga picha wakisema ni moshi wakati ni mvuke wa maji, huo unavuta lita 2 mpaka 4 na kidogo kwa yuniti, ila sehemu kubwa ya hizo zinapaa angani hazirudi mtoni. Kwa hiyo kampuni iliyotoka mtindo wa kwanza ikahamia kwenye minara ikikwambia "tumepunguza maji tunayochukua kwa asilimia 95" yawezekana ni kweli tupu, na yawezekana pia mto umebaki na maji machache kuliko mwanzo, vyote kwa pamoja.

Unaweza kusema basi bora ule wa kwanza, si anarudisha? Anarudisha ndiyo, lakini ya moto. Samaki hawajui habari za lita, wanajua joto. Ufaransa sehemu kubwa ya umeme wao ni wa nyuklia na vinu vingi vimekaa kandokando ya mito kama Rhône na Garonne, na kuna kikomo cha joto la mto ambacho kikifikiwa kinu lazima kipunguze uzalishaji. Kiangazi cha 2003 na tena 2022 mito ilipata joto, vinu vikapunguzwa, vingine vikapewa ruhusa maalum ya kuzidisha kikomo kwa muda kwa sababu nchi ilikuwa inahitaji umeme. Yaani maji yalikuwepo, kilichoisha ni uwezo wa mto kubeba joto. Nao huo ni rasilimali, inatakiwa isimamiwe.

Tuje kwenye minara, maana huko ndo kuna ufundi wenyewe. Chukua sufuria ya maji yenye chumvi kidogo, chemsha, ongeza maji, chemsha tena, baada ya muda chumvi imejaa kwa sababu kinachopaa ni maji matupu. Kwenye mnara ni hivyohivyo, chumvi na madini vinajikusanya mpaka vinaanza kuganda kwenye mabomba, kwa hiyo lazima umwage kiasi na kuingiza mapya. Ukimwaga chumvi ikiwa imejikusanya mara 2 tu ya ilivyoingia, kila lita inayopaa unamwaga lita nyingine. Ukiweza kusubiri mpaka mara 5 unamwaga robo lita. Ni dawa nzuri za maji, vipimo vya kila siku na fundi anayejali, hakuna cha ajabu hapo, lakini akiba yake mtambo mzima mwaka mzima ni kubwa kuliko kampeni zote za mabango. Na hayo yanayomwagwa yana chumvi na kemikali, ukiyatiririsha hovyo umeokoa lita umeharibu mto.

Njia nyingine ni kubadili chanzo. Kituo cha nyuklia cha Palo Verde, Arizona, Marekani, kipo jangwani, hakina bahari wala mto mkubwa wa kutegemea, kinapozwa na maji taka ya miji ya eneo la Phoenix yaliyosafishwa. Vinu 3 vikubwa vinategemea yaliyotoka vyooni na majikoni kwa watu. Mimi hiyo naipenda, ingawa hata maji taka yana wenyewe, miji ikikua na kuanza kuyataka kwa matumizi mengine bei inapanda.

Kuna pia kupoza kwa hewa bila maji. Matimba kule Limpopo, Afrika Kusini, karibu megawati 4,000 za makaa, inatumia mafeni makubwa badala ya minara ya mvuke, na matumizi yake ya maji yanashuka mpaka kama desilita moja kwa yuniti. Safi kabisa, lakini hakuna cha bure: kujenga ni ghali, mafeni yenyewe yanakula umeme, na siku ya joto kali ufanisi unashuka kwa hiyo unachoma makaa zaidi kwa umeme uleule. Umeokoa maji umeongeza moshi. Kwenye sehemu kavu ni sawa, penye maji ya kutosha inabidi ufikirie mara mbili.

Mabwawa nayo? Hapo maji yanapita kwenye tabaini na kutoka, kwa hiyo watu wanasema hayatumiki. Yanapaa lakini, Kariba pale kati ya Zambia na Zimbabwe uso wa ziwa unazidi kilomita za mraba 5,000, jua linakunywa kila siku. Ila hesabu kubwa ya bwawa ni ya wakati, ukitumia mengi leo kesho huna. Pale nchi mbili zinagawiwa maji na mamlaka ya pamoja ya mto Zambezi, na mwishoni mwa 2022 Zimbabwe iliambiwa isimamishe kufua umeme upande wake kwa kuwa mgao wa mwaka ulikuwa umeisha. Mitambo mizima, mafundi wapo, maji ya kuonekana kwa macho yapo, lakini kina kikishuka chini ya mita 475.5 kutoka usawa wa bahari tabaini haziruhusiwi kuzunguka. Halafu kuna wa chini ya bwawa, mvuvi na mkulima, ambao mto ukifunguliwa jioni umeme unapohitajika na kufungwa usiku wanaona maji yanapanda na kushuka kama bahari. Kuwaachia kiasi cha kudumu, hata kama kingeweza kuuzwa kama umeme, nayo imo ndani ya hili neno.

Kwa hiyo ukishika ripoti ya kampuni tafuta kwanza kama wametenganisha yaliyochukuliwa na yaliyopotea, halafu tafuta jedwali la kila mtambo na mto wake. Ukikuta wameweka jumla ya kampuni nzima peke yake, jua mtambo mmoja wa baharini unaweza kuwa unaficha mwingine unaokausha kijito, na wastani wao utasomeka vizuri tu.