Programu inayonyamaza mbele ya paipu

Mara nyingi naulizwa kwa nini programu ya mstari wa amri inayotoa matokeo papo hapo kwenye teminali hukaa kimya inapoendeshwa na msimbo kupitia paipu (njia inayopeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine), kisha humwaga kila kitu kwa mkupuo mmoja. Haijakwama. Maktaba ya C hukagua kwanza matokeo yanaelekea wapi: yakienda kwenye teminali, hutolewa kila mstari unapokamilika, lakini yakienda kwenye paipu hurundikwa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, ambayo kwa glibc (maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux) huwa kwa kawaida ya baiti 4096, hadi ijae au programu ifike mwisho. Kama shida yako ni hiyo tu, jaribu kwanza amri ya stdbuf, ambayo hubadilisha jinsi bafa hiyo inavyotumika. Huenda usihitaji kuendelea kusoma.

Isipotosha, ipe programu teminali bandia. Hii ni jozi ya ncha mbili zinazoundwa na kerneli, kiini cha mfumo endeshi: moja hubaki mikononi mwa msimbo wako, nyingine hukabidhiwa programu, nayo ikiuliza kwa isatty hujibiwa kwamba hiyo ni teminali. Kwenye Python mimi hutumia pty.fork badala ya openpty peke yake, ambayo huunda jozi hiyo tu, kwa sababu pty.fork humwanzishia mchakato mtoto (programu unayoiendesha) kikao kipya na kuifanya ncha ile kuwa teminali inayomtawala. Bila utawala huo, kumwandikia baiti yenye thamani 3, yaani Ctrl-C, hakuzai SIGINT, ishara ya kukatiza programu. Na ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ambayo huomba nenosiri kwa kufungua /dev/tty (faili linalowakilisha teminali inayotawala mchakato), haiwezi kukuomba kupitia ncha yako.

Ukishaipata teminali, umeipata pamoja na tabia zake. Ulichoandika hurudi kwako kama mwangwi katikati ya matokeo, kila \n hugeuka \r\n, na makosa huchanganyika na matokeo ya kawaida bila njia ya kuyatenganisha. Mwangwi huzimwa kwa termios, moduli ya Python ya mipangilio ya teminali. Ukubwa wa dirisha nao huanza na safu 0 na mistari 0, kwa hiyo uweke mwenyewe kwa TIOCSWINSZ, ombi la kerneli la kuweka ukubwa huo, kabla programu haijaanza kuchora.

Kilichonisumbua zaidi ni mwisho wa kusoma. Kwenye Linux, mtoto akishafunga ncha yake, os.read hairudishi baiti tupu bali hutupa OSError yenye EIO (msimbo wa kosa la kusoma au kuandika), ilhali macOS hurudisha baiti tupu. Msimbo wangu sasa huzichukulia hali zote mbili kuwa mwisho, kisha huita waitpid, inayomsubiri mtoto amalize, ili kupata hali halisi ya kutoka, yaani kama alifaulu au alishindwa.