Magunia sita, bambo mara 384

Jumanne jioni, mvua ikigonga mabati hadi tunaongea kwa kupaza sauti, muuguzi mmoja alifungua laptopu mezani pangu hapa Kisumu, akashuka moja kwa moja hadi sura ya tatu ya tasnifu yake, palipo na idadi ya watu wa kuhoji. "Hapo usijisumbue, Daktari," akasema. "Sampuli nishapata. Ni 384."

Sikuwa nimemwuliza anatafiti nini, na yeye hakuona haja ya kuniambia. Nikaomba radhi, nikaenda kuongeza chai, maana huyo alikuwa mwanafunzi wa nne mwezi huu. Wa kwanza alikuwa wa mkakati wa biashara, anachunguza viwanda: 384. Wa pili wa mifumo ya habari, anataka kujua kwa nini wauguzi hawaupendi mfumo wa data: 384. Wa tatu wa afya ya umma, na ugonjwa anaoutafiti ni nadra ajabu: 384. Watu watatu, maswali matatu yasiyojuana hata kwa salamu, na wote wametokea mlango mmoja. Ningekuwa mcheza bahati nasibu ningeshaiwekea nambari hiyo dau.

Basi niandike mara moja, nikimpata wa tano nimtumie kiungo tu.

Nambari yenyewe haina uchawi. Chukua 1.96, izidishe kwa yenyewe. Zidisha kwa 0.5 mara mbili. Gawanya kwa 0.05 mara mbili. Unapata 384.16. Hilo ni jibu la swali moja, tena finyu: ni asilimia ngapi ya watu wa mahali fulani wana jambo fulani, ikiwa utawachagua kwa kura, kila mtu kivyake, na ukaridhika kukosea pointi tano juu au chini kwa imani ya asilimia 95. Ile 0.5 imewekwa kwa sababu hatujui lolote, na nusu ndiyo hali inayodai watu wengi zaidi. Swali lako likiwa hilo, chukua 384 uende kwa amani. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, au kuona kama kitu kimeleta mabadiliko, fomula hiyo haikuulizwa, kwa hiyo haikujibu.

Wengine hunijia juu: wao hawakutumia hiyo, walitumia jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan, au fomula ya Yamane. Ni yule yule, kabadilisha koti. Jedwali hilo la mwaka 1970 kwa watu 1,000 linakupa 278, kwa 10,000 linakupa 370, kwa milioni moja ni 384. Yamane ameifanya 1.96 kuwa 2, ndiyo maana idadi ya watu ikikua sana fomula yake inaishia 400. Nimewahi kukaa kwenye utetezi ambapo wasomi wawili wazima walivutana karibu nusu saa juu ya ipi kati ya hizo inafaa zaidi sayansi za jamii, na mwanafunzi amesimama pale anafuta jasho kwa tai.

Na Fisher. Tasnifu nyingi ninazosoma, zikitaja fomula hiyo ya 384 ilikotoka, zinaandika "Fisher na wenzake, 1998". Muulize mwenye tasnifu huyo Fisher ni nani, atakwambia ni Ronald, yule gwiji wa takwimu. Ronald Fisher alifariki 1962. Anayetafutwa hapo ni Andrew Fisher, ambaye pamoja na wenzake aliandika mwongozo wa utafiti wa huduma za uzazi wa mpango, toleo la 1991 la shirika la utafiti la Population Council. Mwongozo mzuri kwa kazi yake. Lakini mtu wa mkakati wa biashara akiutaja kwenye tasnifu ya viwanda, najua kabisa hajawahi kuushika. Kanakili kwa aliyenakili.

Turudi kwa muuguzi wangu. Ana zahanati sita. Tatu zitatuma ujumbe wa simu kuwakumbusha akina mama chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, na tatu hazitatuma. Mtoto hupewa ya kwanza akiwa na miezi tisa, na katikati hapo kitabu cha kliniki kimeshapotelea chini ya godoro. Swali zuri, ningependa kulifanya mwenyewe. Alikuwa ameigawa 384 kwa sita: akina mama 64 kila zahanati.

Umewahi kumtazama mnunuzi wa mahindi akiwa kazini? Huja na bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji, akachoma gunia, punje zikateremka kiganjani. Anazinusa, anatafuna moja. Lori lina magunia 300. Akilichoma gunia moja mara 384, atakuwa amelijua gunia hilo kuliko hata aliyelishona, lakini lori bado hajalijua. Mahindi ya gunia moja yametoka shamba moja, yameanikwa kwenye turubali moja, yamenyeshewa na mvua moja.

Zahanati ni gunia. Akina mama 64 wa zahanati moja wana muuguzi mmoja, friji ya chanjo ni hiyo hiyo, mto ukifurika njia inakatika kwa wote, na siku muuguzi ameitwa semina wote wanarudishwa nyumbani. Wameshafanana kabla hujawatumia ujumbe hata mmoja.

Kufanana huko kuna kipimo, kwa kawaida kati ya sifuri na moja. Tuseme ni 0.05, kidogo tu. Katika 64 toa mmoja, zidisha 63 kwa 0.05, ongeza moja: 4.15. Gawanya 384 kwa hiyo. Unabaki na 93. Yaani jasho lote hilo, hojaji 384, pikipiki, soda za wahojiwa, lina uzito wa akina mama 93 waliochaguliwa kila mmoja kivyake.

Alitulia kidogo, kisha akasema: "Basi niwaongeze, wawe 200 kila zahanati."

Hapo ndipo damu hunichemka, maana kila mtu husema hivyo, na vitabu vya mbinu za utafiti hupita hapo mbiombio kama matatu iliyoona askari. Nikamfanyia hesabu nyuma ya bahasha. Mia mbili kila zahanati ni hojaji 1,200. Toa mmoja, 199 mara 0.05, ongeza moja: 10.95. Gawanya. Anapata 110 hivi. Ameongeza kazi mara tatu na zaidi, amevuna akina mama 17. Na kuna dari. Kufanana kukiwa 0.05, zahanati moja haiwezi kukupa zaidi ya uzito wa watu 20 (gawanya moja kwa 0.05), hata uhoji kila mama aliyewahi kukanyaga pale tangu ijengwe. Zahanati sita ni 120. Hapo ndipo mwisho wa barabara yake, na barabara haijafika popote: ikiwa bila ujumbe akina mama 60 kati ya 100 hurudi, na anataka kuona kama ujumbe unawafikisha 70, akiwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua tofauti hiyo, anahitaji 353 kila upande. Ni 706, kila mmoja kivyake. Hata akina mama wawe wengi kama mchanga, zahanati 35 hazitoshi kumfikisha huko. Yeye ana nauli ya sita.

Kinachopaswa kuongezwa ni magunia. Michomo ya bambo haina kazi.

Yule wa mkakati wa biashara ana hali mbaya zaidi, ila hajijui. Viwanda 12, wafanyakazi 32 kila kiwanda. Ukizidisha ni 384, na yeye ameona hiyo ni ishara njema. Lakini anachotafiti ni mkakati wa kampuni na faida yake. Kampuni ina mkakati mmoja, faida ya mwaka ni moja. Kuwauliza wafanyakazi 32 "kampuni yenu inafanya vizuri, kuanzia 1 hadi 5" ni kama kutafuta umri wa mtu mmoja kwa kuwahoji majirani zake 32. Ana sampuli ya 12. SPSS, ile programu ya takwimu, haitamwambia; itamtolea 0.000 safi kabisa, yaani "hii si bahati tu", naye ataipigia mstari. Na 12 si aibu! Kama viwanda vyote ni 12, basi hao ndio wote, hakuna cha kusampuli. Kaa navyo, soma hesabu zao za miaka mitano, zungumza na mameneja, andika kisa cha kila kimoja. Shida ni kwamba msimamizi wake anataka rigresheni, ile hesabu ya kuonyesha kitu kimoja kinavyokwenda na kingine, nayo hudai wengi.

Wa mifumo ya habari nitampitia haraka. Tangu 2011 nchi nzima inapeleka ripoti za vituo vya afya kupitia DHIS2, ndio huo mfumo wa data. Muuguzi wa zahanati ndogo hujaza fomu ya karatasi, na anayeketi mbele ya skrini ni afisa wa rekodi. Ukiwahoji wauguzi 384 kuhusu urahisi wa mfumo wasiougusa, umekusanya maoni juu ya gari la jirani. Waone maafisa wa rekodi, hata wakiwa 30.

Kuhusu ugonjwa nadra, mfano uko hapa hapa mjini, na ajabu ni kwamba wanafunzi wa Kisumu ndio hawautumii. Utafiti wa tohara na virusi vya ukimwi, ule wa Bailey na wenzake uliochapishwa na Lancet 2007, uliandikisha vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Hawakuwa wapenzi wa nambari kubwa; kinachowapata wachache hakionekani bila kuwafuata wengi. Katika miaka miwili waliambukizwa 22 upande wa waliotahiriwa na 47 upande wa pili, yaani asilimia 2.1 dhidi ya 4.2, na Desemba 2006 ukasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Sasa uufanye kwa 384: vijana 192 kila upande. Kwa viwango hivyo hivyo wangeambukizwa kama wanne upande huu na wanane upande ule. Ungesimama mbele ya wazee wa jamii isiyotahiri kimila uwaombe wakubali kisu kwa wanne dhidi ya wanane? Mimi ningetoroka kabla ya chai.

Sasa yangu. Ile 0.05 ya kufanana niliitoa wapi? Mazoea. Ikiwa kweli ni 0.02, dari ya muuguzi wangu inapanda hadi 300, ikiwa 0.1, inashuka hadi 60. Hesabu nzima inaning'inia kwenye tarakimu ambayo wengi wetu tunaiazima kwenye makala ya mtu mwingine, nchi nyingine, ugonjwa mwingine. Ile 60 kwenda 70 nayo, mara nyingi mtu huanza na pesa alizo nazo, akarudi kinyumenyume hadi kwenye tofauti inayolingana na pesa hizo, kisha akaiita "tofauti yenye maana kitabibu". Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na kamati ya maadili ikapitisha. Asilimia 80 ni desturi tu, hakuna aliyeishusha kutoka mlimani. Na tasnifu yangu ya uzamili? 384. Iko maktabani, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Nilipata alama nzuri.

Tulipata njia, kiasi. Ujumbe unaenda kwenye simu ya mama, hauendi kwenye ukuta wa zahanati. Kwa hiyo apige kura ndani ya zahanati: huyu atumiwe, huyu asitumiwe. Hapo muuguzi, friji na mto uliofurika vinakuwa sawa kwa pande zote mbili, na sita zinaweza kutosha, akina mama 118 kila moja. Kinachonisumbua ni kisimani. Aliyetumiwa ujumbe atamwambia mwenzake, simu zenyewe zinashirikiwa nyumba na nyumba, na tofauti itafifia kwa kiasi ambacho fomula yangu yoyote haikipimi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sasa Daktari, si hao wengine nao watapona surua?" Sikuwa na jibu la kitakwimu.

Kwanza lakini tujue kama zahanati hizo zina watoto 118 wanaofikisha miezi 18 ndani ya muda wake. Nilimtuma akahesabu kwenye daftari la chanjo, MOH 510, asikadirie. Ijumaa akanipigia akiwa huko: tano zimehesabika, na mbili kati yake hazifiki hata 90. Daftari la zahanati iliyobaki lilinyeshewa, kurasa za Aprili zimegandana. Nikamwambia asizibandue, aziache kivulini zikauke, kisha azipige picha mojamoja.