Michezo na uhasama wa mataifa: dhana na ukweli

"Waache wacheze, watapatana wenyewe." Kauli hii haikosi kwenye kijiwe changu cha kahawa, Kariakoo. Husemwa kabla hata kashata hazijaisha kwenye sinia, na kila mtu huitikia.

Dhana: Mpira wa meza ndio uliopatanisha Marekani na China.

Ukweli: Aprili 1971, mjini Nagoya, Japani, mchezaji wa Marekani Glenn Cowan alidandia basi la timu ya China. Ndani kimya, wakati ule kuongea na Mmarekani kungeweza kumponza mtu. Bingwa wao Zhuang Zedong akainuka kutoka nyuma, akamsalimu kupitia kwa mkalimani, akampa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Siku chache baadaye timu ya Marekani ikaalikwa China, na Februari 1972 Rais Nixon naye akatua Beijing. Sawa, lakini serikali hizo zilikuwa zimeshaanza kupelekeana ujumbe wa chini kwa chini kupitia Pakistan. Wakubwa walikuwa wanatafuta kisingizio, vijana wakawapa.

Dhana: Mechi ilizusha vita vya El Salvador na Honduras, 1969.

Ukweli: Ugomvi ulikuwa wa ardhi, na wahamiaji wa Kisalvador waliokuwa wakifukuzwa Honduras. Mechi za kufuzu Kombe la Dunia zilimwaga petroli tu kwenye moto uliokuwa unawaka.

Dhana: Ukimtuma mwanamichezo anayependwa, hakuna atakayemkatalia.

Ukweli: Hili tunalijua kuliko wengi. Februari 1980 Muhammad Ali alitua hapa hapa Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Na si kwamba hatukuwa watu wa kususia: mwaka 1976 tuligomea Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Lakini Moscow tukaenda. Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na ya mita 5,000. Hadi leo hatujapata ya tatu, na hapo ndipo kijiwe kinapoisahau diplomasia, kelele zikaanza upya.