Maneno "Inuka, Sir" hayatamkwi

Vijana wa maigizo Mombasa wakibuni falme zao, shujaa akipewa cheo cha heshima cha "Sir" lazima mfalme angurume, "Inuka, Sir fulani!" Wengi wanaamini ndivyo wafanyavyo Uingereza. Sivyo. Maneno hayo hayatamkwi kabisa.

Anayetunukiwa hupiga goti la kulia juu ya kigoda maalumu. Mfalme humgusa kwa upanga bega la kulia, huupitisha juu ya kichwa, kisha bega la kushoto. Mtu husimama, akapewa nishani. Basi. Makasisi hawaguswi upanga, na Mkenya akitunukiwa haitwi Sir.

Kiapo ni jambo jingine. Ulaya ya kale, aliyeapa utiifu aliunganisha viganja vyake, bwana wake akavifumbata ndani ya vyake. Tendo hilo lina uzito kuliko upanga, na ni hasara kubwa kuliruka jukwaani.

Mkiigiza, pigeni goti moja tu. Aliyepiga yote mawili hana mguu wa kuinukia, na akiwa na kanzu atakanyaga upindo apepesuke. Aivute kidogo kabla ya kushuka. Upanga ulazwe ubapa. Ukipitishwa mbele ya uso, hata wa mbao hutoboa jicho.