Jibini si maziwa mabichi: itoe kwenye friji mapema

"Nitaitoa wageni wakishaketi, isije ikaharibika." Kauli hii naisikia dukani kwangu hapa Nakuru karibu kila mwisho wa wiki, na anayeisema huwa haulizi, anataka tu niitikie. Siitikii.

Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa jibini imetokana na maziwa, basi lazima ikae baridini hadi mgeni anyooshe mkono. Lakini jibini ilizuka kwa sababu maziwa hayakai! Mtengenezaji huyagandisha, huyaondoa maji, huyatia chumvi, na bakteria wake hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Kinachobaki kina maji kidogo, chumvi na uchachu, na vijidudu vingi vinavyoharibu maziwa havistawi humo. Jibini ngumu kama Gouda, iliyokomaa kwa miezi kadhaa ghalani, kwenye nyuzi 12 au 13 hivi, haidhuriwi na saa moja juu ya meza yako ya Milimani.

Halafu kuna ladha, na hapa ndipo huwa naishiwa na subira. Kwenye nyuzi 4 za friji mafuta ya jibini ni magumu na harufu yake haipandi. Bila harufu, ulimi peke yake utakupa chumvi na uchachu tu. Mtu analipa bei ya Gouda ya mwaka mzima, anaila ikiwa baridi kama barafu, kisha Jumatatu ananiambia haikuwa na ladha. Ukiwa na shaka, kata vipande viwili kutoka bonge moja, kimoja ukiache kwenye friji, kingine ukifunike mezani kwa saa moja, kisha uonje vyote. Wateja wangu waliofanya hivyo hawanibishii tena.

Kwa hali ya hewa ya Nakuru, Gouda na Cheddar, ambazo ni ngumu, zitoe saa moja kabla ya wageni; Brie, ambayo ni laini, dakika kama arobaini. Kisumu, mchana wa jua, nusu saa yatosha. Itoe ikiwa bado imefungwa, au uifunike kwa bakuli, isikauke wala kuvutia nzi. Na usitoe bonge zima kila mara; kata kiasi cha siku hiyo, lililobaki lisiguswe.

Mpaka upo, sikatai. Jibini laini ikishakaa nje saa mbili, kilichobaki usikirudishe kwa ajili ya kesho. Chini ya hema penye joto la zaidi ya nyuzi 32, hesabu saa moja tu. Jibini ngumu huvumilia zaidi: itatoka jasho la mafuta na kukauka kingo, lakini bado ni chakula.

Ndugu wa kosa la kuila jibini ikiwa baridi ni kukata vipande vidogo vya mraba asubuhi na kuvichoma vijiti vya meno. Kila upande uliokatwa hukauka, na kipande cha namna hiyo kina pande sita. Weka bonge na kisu chake, wageni wakate wenyewe. Ubao wa kusukumia chapati unafaa kabisa ukishasuguliwa vizuri. Hayo mawe ya marumaru ni ya kupigia picha.

Zipo na kauli nyingine za dukani. "Jibini ya rangi ya machungwa ndiyo kali." Hapana. Rangi hiyo mara nyingi hutoka kwenye mbegu za biksa, mmea unaolimwa hata kule Kwale. Haikwambii lolote kuhusu umri wala ukali.

"Hii ina mchanga." Punje ngumu ndani ya Gouda kuukuu ni fuwele zinazojitokeza protini zinapovunjika wakati wa kukomaa. Wengine huirudisha; mimi huila.

"Tumbo langu halipatani na maziwa, basi sili." Jibini iliyokomaa muda mrefu ina laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, kidogo mno, na wengi wanaosumbuliwa na glasi ya maziwa huila bila shida. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine kabisa, huyo asiguse. Mama mjamzito naye asipewe Brie wala jibini ya ukungu wa buluu ikiwa haijapikwa, kwa sababu ya bakteria aitwaye listeria.

Ganda jeupe la Brie huliwa. Nta nyekundu ya Gouda hailiwi.

Kuhusu divai nyekundu, sijui nani aliwaambia watu ni lazima. Ukali wake hugombana na jibini laini. Nyeupe hupatana na nyingi zaidi. Kwa nyumba isiyonywa pombe, mimi hupendekeza chai ya rangi ya Kericho au Nandi, bila sukari, na asali kando ya ubao. Ongeza njugu karanga zilizokaangwa na matunda damu, basi. Aina tatu za jibini zinatosha: laini, ngumu, na moja yenye harufu kali, ionjwe mwisho. Wageni wanane kabla ya mlo hutosheka na nusu kilo, ingawa wenyeji wengi huninunulia kilo mbili.

Mabaki ya ile ngumu yafunge kwa karatasi ya kuokea, kisha uyatie kwenye chombo chenye kifuniko. Plastiki ikiyabana moja kwa moja huloa kwa ndani, na ukungu hautachelewa. Ukiota juu ya Gouda, kata sentimita mbili na nusu kuuzunguka na ule sehemu iliyobaki. Ukiota juu ya jibini laini isiyo na ukungu wake wa asili, tupa yote.