Baridi yabisi si kudhoofika kwa mifupa

Katika chama chetu cha akina mama hapa Nakuru, kila mwanachama aliyevuka miaka hamsini ana habari za magoti yake, na habari hizo huishia pale pale: "Mifupa yangu imeisha, ni hii baridi yabisi." Katika mkutano uliopita, shangazi yangu anayeishi Molo, ambako baridi ya asubuhi haihitaji kusimuliwa, aliongeza kwamba amenunua vidonge vya kalisi, madini yanayojenga mfupa, ili magoti yaache kuuma. Sikumkatiza mbele ya wenzake, lakini katika kauli ile kuna maradhi mawili yaliyopewa jina moja, na dawa ya moja imekwenda kutafutwa kwa ajili ya lingine.

Kudhoofika kwa mifupa, ambako madaktari hukuita osteoporosisi, ni hali ya mfupa kupungukiwa na uzito wake wa ndani hadi ukavunjika kwa kishindo kidogo ambacho mfupa wenye afya ungekistahimili. Jina hilo lina asili ya Kigiriki, osteon likiwa mfupa na poros likiwa njia au upenyo, na lilianza kutumiwa na tabibu Jean Lobstein wa Strasbourg katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ndani ya mfupa mna vijiti vyembamba vilivyoshikana mfano wa sega la nyuki. Vijiti hivyo vikikonda, vitundu hupanuka. Katika maana hiyo yote hamna neno "maumivu", kwa sababu mfupa unaweza kukonda miaka ishirini bila mwenyewe kuhisi chochote.

Baridi yabisi ni jambo jingine, ni maradhi ya viungo, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa kuwa wengi hulisikia jina hilo na kufikiria hali ya hewa. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, ambako barid ni -a baridi na yabis ni -kavu, na katika utabibu wa kale ambao Waarabu waliupokea kutoka kwa Wayunani, kila kitu kilikuwa na joto au baridi, unyevu au ukavu. Udongo ulihesabiwa kuwa wa baridi na mkavu, na nyongo nyeusi, mojawapo ya majimaji manne ya mwili katika elimu hiyo, vivyo hivyo. Kwa hiyo "baridi" katika jina hili haikuwa ile ya Molo wala ya kulala bila blanketi, bali ilikuwa sifa ya mwili kwa mujibu wa elimu ya wakati ule. Sikatai kwamba wapo wanaohisi viungo vikikaza zaidi msimu wa baridi. Ninachokataa ni kwamba baridi hiyo hula mfupa.

Neno la pili linanisaidia zaidi. Yabisi limebaki katika Kiswahili likiwa na maana ya kitu kikavu na kigumu, ndiyo maana katika sayansi tunazungumza juu ya yabisi, kiowevu na gesi. Jina baridi yabisi, basi, linataja kukaza: kiungo kilichokuwa kikikunjika kwa urahisi sasa ni kigumu, kimevimba, kinauma. Kuliita tatizo la mfupa uliojaa vitundu kwa jina la ugumu ni kama kuuita mtungi mtupu kwa jina la uliojaa. Cha ajabu ni kwamba msemo wa mitaani, "magoti yameisha mafuta", ambao wasomi huucheka, unakaribia ukweli kuliko "mifupa imeisha", kwa maana kiungo kweli kina ute unaokilainisha na gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linaloweza kulika.

Tofauti hii inawahusu wanawake hasa. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na homoni ya estrojeni huzizuia seli zinazobomoa zisipite kiasi. Hedhi inapokoma, kizuizi hicho hulegea, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya mfupa wake. Akiba yenyewe huwekwa mapema, hadi karibu na umri wa miaka thelathini, kwa hiyo mazungumzo haya yanawafaa mabinti zetu kabla ya kutufaa sisi.

Kinachouimarisha mfupa ni mzigo: kutembea, kupanda ngazi, kulima, kunyanyua vitu kwa kiasi. Kuogelea, ambako daktari humshauri mwenye magoti mabovu, hakuujengi mfupa kwa kiwango hicho, maana maji ndiyo yanayoubeba mwili. Kalisi tunayo jikoni: omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mala, uji wa wimbi, na sukuma wiki, ambayo kalisi yake hufyonzwa vizuri kuliko ile ya spinachi. Jua hutupa vitamini D. Sigara, pombe nyingi na vidonge vya steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) vinavyomezwa kwa miezi mingi hupunguza mfupa, ingawa vidonge hivyo haviachwi bila idhini ya daktari. Kipimo cha kalisi katika damu hakimalizi wasiwasi, kwa kuwa mwili huchota kalisi mfupani ili ile ya damu isipungue. Kinachopima uzito wa mfupa ni eksirei maalumu.

Baada ya mkutano nilimsindikiza shangazi hadi kituo cha matatu, nikamwambia kwamba magoti aendelee kuyaita baridi yabisi, jina hilo ni halali yake, ila vidonge vya kalisi havitayatuliza. Kisha nikamwuliza kuhusu kifundo cha mkono alichovunja mwaka jana alipoteleza mlangoni pa jikoni, kuanguka kwa mtu aliyekuwa amesimama tu. Akajibu kwamba ule ulikuwa utelezi na mkono ulishapona, hata hauumi. Nikamwomba kwamba siku atakayokwenda kliniki kwa ajili ya magoti, aanze kumweleza daktari habari za mkono.